Sabini kwa Arobaini

Wenzake wa chumba cha upasuaji walimwita Bwana Pima, na hawakumwita hivyo kwa upendo. Alikuwa mtoa ganzi, mgane wa miaka hamsini na minne asiye na mtoto. Jumapili tu ndiyo siku aliyokula na watu, nyumbani kwa dada yake, ambaye mumewe ndiye daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi. Siku sita zilizobaki alikula na redio.

Siku hiyo mgonjwa wa kwanza alikuwa seremala mzee aliyezibwa mkojo na tezi dume. Ganzi ilichomwa mgongoni, kwa hiyo mzee alikuwa macho, miguu imeinuliwa juu ya vishikio, shuka ikimkinga asione. Bwana Pima aliketi upande wa kichwa akimzungumzisha, kwani mgonjwa anayeongea ni kipimo kimoja zaidi.

"Mwanangu, miguu yangu iko wapi?"

"Ipo, mzee. Iko juu kama ya kuku aliyenyonyolewa."

"Basi mwambie huyo bwana asinipeleke jikoni."

Saa nzima presha ilitulia kwenye mia na thelathini kwa themanini. Daktari alipomaliza alivua glavu, akaamuru miguu ishushwe.

"Mmoja mmoja, shemeji," alisema Bwana Pima. "Ikishuka yote kwa pamoja, damu itakimbilia chini."

"Wewe nawe. Wako wanne wananisubiri." Akaishusha mwenyewe, yote miwili.

Mzee akapiga miayo. Akaanza kusema jambo kuhusu mbao, akaliacha katikati. Mashine ikaonyesha sabini kwa arobaini. Bwana Pima alifungulia dripu yote, akachoma dawa ya kupandisha presha, akataka miguu iinuliwe tena. Dakika nne baadaye mzee aliuliza kwa nini wamenyamaza.

Kwenye sinki daktari alimsogelea. "Andika mia. Imesharudi, maswali ya nini?"

"Ilikuwa sabini."

"Najua ilikuwa ngapi. Mimi ni mume wa dada yako."

"Ndiyo maana nakuambia kabla sijaandika."

Akaandika kwenye fomu ya mgonjwa sabini kwa arobaini, na saa, na sababu. Watu husema ukweli unauma, kana kwamba humuuma anayeambiwa tu.

Jioni muuguzi wa wodi aliisoma fomu. Kwa sababu ya namba ile hakumkalisha mzee anywe chai kama wengine. Alimpima kwanza, akakuta presha imeshuka tena hadi themanini, na mfuko wa mkojo umejaa wekundu. Akamwita daktari, na damu ikazuiwa mapema. Fomu ingesema mia, mzee angekalishwa na kikombe mkononi.

Kesho yake mashemeji walikutana koridoni.

"Yule mzee amekunywa chai," alisema daktari, macho ukutani.

"Nashukuru."

"Jumapili tuna wageni."

"Haya, shemeji."

Tangu hapo wageni hawajaisha. Dada hupiga simu, huongea kwa sauti ya chini, hukata mumewe akiingia. Wapo wanaosema angeandika mia akalinda undugu. Wengine huwajibu kwamba undugu unaolishwa namba ya uongo haujapata kushiba. Lakini hao nao hawajamwona Jumapili saa saba mchana, amesimama peke yake juu ya sufuria ndogo, maana chakula kidogo huungua upesi.