Barua Aliyoijutia Mwalimu Mkuu

Jumanne asubuhi, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi, nilipata ujumbe kwamba mwalimu mkuu wangu wa zamani ameaga dunia. Kisukari kilikuwa kimemsumbua kwa miaka mingi. Kabla ya kuingia katika kazi hii ya kuandika, nilifundisha chini yake miaka mitatu katika shule ya msingi karibu na Kariandusi, ambako vumbi jeupe la machimbo lilitua hata kwenye madaftari ya watoto. Alikuwa mwanamke mkali, aliyetutangulia sote kufika shuleni na kukagua vyoo kabla ya kukagua madarasa. Wazazi walimwogopa kidogo na kumwamini sana. Leo nasimulia jambo alilolikosea, na ninathubutu kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia mbele ya watu.

Mwalimu mmoja wa kiume, aliyeajiriwa na kamati ya shule, alimdhulumu kingono mwanafunzi. Mama ya mtoto alikuja ofisini akilia. Kesho yake walikuja wazee wa ukoo, wakasema wameketi na mwalimu huyo na wameelewana. "Madam, hii maneno tumeimaliza nyumbani," mmoja alimwambia. "Ukiita polisi utaharibu jina ya mtoto na ya shule." Mwalimu mkuu alikubali, kwa sharti kwamba mwanamume huyo aondoke. Na ili aondoke upesi, alimwandikia barua ya kumpendekeza kwingine, akasifu bidii na nidhamu yake. Sisi katika chumba cha walimu tulijua. Tulishukuru kwamba ameenda, tukaendelea kusahihisha mitihani.

Mwaka uliofuata alipigiwa simu na mkuu wa shule moja ya kibinafsi huko Olenguruone. Mtoto mwingine alikuwa ameumizwa. "Mwalimu, nimeshika barua yako hapa," mwenzake alisema. "Kwani hukujua?" Akajibu, "Nilijua." Safari hii mama ya mtoto alikataa kikao cha wazee, kesi ikafika kortini, na mwalimu mkuu wangu akaenda kutoa ushahidi ingawa aliaibika. Mwanamume akafungwa. Baada ya hukumu mwalimu mkuu aliomba kuonana na mama huyo ili amtake radhi. Mama alikataa, naye hakumsumbua tena.

Sheria yetu inataka wahalifu wa kingono waliopatikana na hatia waandikwe katika sajili. Mwalimu mkuu alikwenda afisi moja ya serikali kuuliza kama jina la mtu huyo limeingia humo. Karani akamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Akasema, "Mimi ndiye niliyemwandikia barua." Karani hakuelewa, akamwambia alete maombi yenye sababu.

Miaka ilipita, nami nikawa mwandishi wa habari. Tulikutana tena katika ukumbi mmoja mjini Nakuru, wabunge walipokuja kukusanya maoni kuhusu mswada wa kuilazimu kila shule kuikagua sajili hiyo kabla ya kumwajiri mtu. Wakili mmoja kijana alisema kwamba aliyemaliza kifungo aachwe aanze maisha upya, na kwamba orodha ikitolewa hadharani watu watachomwa moto mitaani. Mwalimu mkuu alisimama polepole, akashika maikrofoni. "Huyu kijana amesema ukweli," alianza. "Orodha isibandikwe ukutani. Ifunguliwe kwa yule anayeajiri mtu wa kukaa na watoto." Kisha akaeleza habari ya barua yake yote, bila kupunguza. "Lakini waheshimiwa, hata kama sajili ingekuwa wazi mwaka ule, jina la huyo mtu lisingepatikana. Nilihakikisha hivyo mimi mwenyewe." Nilikuwa safu ya tatu, na sikuinua mkono kusema kwamba nami nilikuwepo. Katika habari niliyoandika jioni hiyo niliuacha nje ushuhuda wake, nikajidanganya kwamba ninamlinda.

Mpaka leo sijasikia mswada huo umefika wapi. Naomba upitishwe, na sajili itunzwe na karani anayejua kwa nini watu wanaiulizia. Hata hivyo, jina haliingii humo lenyewe. Linapelekwa na mzazi anayekataa suluhu ya wazee, mwalimu anayeita polisi siku hiyo hiyo, na mwandishi anayeandika alichosikia. Mimi nilipata nafasi mbili za kusema, zote nikazipoteza. Yeye alinyamaza mara moja, kisha akaishi miaka yake iliyobaki akijitaja kwa kosa lake bila kulazimishwa na mtu. Nimejifunza kwake, kwa kuchelewa, kwamba tunapomhamisha mtu kimyakimya tunakuwa tumeshamchagua mtoto mwingine wa kuumizwa, ila tu hatujaambiwa jina lake.