Rundo la Njia Panda

Lambros Kotsiras, mwenye duka la kahawa, alikuwa na kichwa kikubwa na ndani yake upepo mtupu. Mkewe Asimina alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Safari hii bwana alilivalia njuga jina la kijiji. Eti Kakorahi ni jina la wachunga mbuzi! Alisikia kwamba zamani njia panda yao ilikuwa ya Herme, mungu wa Kigiriki wa wasafiri, basi akapiga domo mpaka kijiji kikaitwa Hermeo. Kisha akauza mizeituni ya Asimina, urithi wa mama yake, ili ajenge ukumbi wa watalii.

"Mizeituni ya mama, Lambros?"

"We mwanamke! Herme analeta mabasi, wewe unalilia miti?"

Pale njia panda palikuwa na rundo la mawe. Kila mpita njia aliongeza jiwe moja apate kwenda salama. Huko jiwe la njiani ni baraka, ila likiwekwa mlangoni pa mtu ni laana. Lambros aliliona rundo uchafu tu. Akalizoa lote, akalishindilia kwenye msingi wa ukumbi wake, akamwaga saruji juu. Akili hizo!

Basi la kwanza likaja. Akashuka mama mmoja wa Athene, mwongoza watalii.

"Rundo liko wapi?"

"Rundo gani, mama? Karibuni ndani, kahawa tayari!"

"La mawe. Watu wa kale waliyaita marundo hayo herma, na wengi husema ndiko mungu alikopata jina lake. Hilo ndilo tulilolifuata."

Lambros akaitazama sakafu yake ya saruji. Basi likageuza, hata kahawa hawakuonja.

Mchana mzee Thodoris akapita, akaweka jiwe kizingitini pa duka. "La Herme wako hilo, bwana mkubwa." Wakafuata wengine, wakicheka bila haya. Kufika jioni mlango haufunguki vizuri.

"Asimina! Njoo uniondolee takataka hizi!"

Asimina akatokea barabarani, akitoka lilikokuwa shamba la mama yake. Akafungua aproni, akatoa jiwe lenye udongo bado, akaliweka juu kabisa.

"Hili ni la mizeituni," akasema, akashika njia ya kwa dada yake.