Kesi ya Shimo la Sita

Uwanja wa gofu wa Uvira haukuwa na nyasi za maana wala nyumba ya kupumzikia, na tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ulikuwa na wachezaji wanne. Lakini mashimo tisa ulikuwa nayo, na ni mimi niliyeyapima na kusimika bendera zake. Nasema hivyo mapema kwa sababu wajukuu wangu wakisikia habari hii hucheka sana, kisha huuliza ni mpumbavu gani aliyeweka bendera ya sita mahali pale.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa karani katika ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, kijana wa mtaa wa Kimanga, mtoto wa wavuvi, niliyemaliza sekondari kwa mapadri na kuvaa viatu hata pale ambapo viatu vilikuwa taabu tupu. Administrata wetu, mkuu wa teritware, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, alirudi kutoka likizo na mfuko mrefu wa fimbo za chuma. Alisema kwamba mahali penye ziwa na milima kama hapa kukosa gofu ni aibu kwa serikali. Akanituma kaskazini ya mji, pale tambarare ya Ruzizi inapoanza, nitafute ardhi isiyo ya mtu.

Nilikwenda kwa baiskeli mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, ardhi yote ikiwa ya rangi moja. Mavuno yalikuwa yameingia nyumbani na ng'ombe walipita popote walipotaka. Mahali pa bendera nane palikuwa malisho kweli. Pa sita palikuwa shamba. Niliona matuta, niliona na mabua ya mahindi. Lakini administrata alitaka umbali ulingane na mchoro wa kitabu chake cha gofu, na kitabu kilisema shimo la sita liwe pale. Kwenye karatasi yangu nikaandika: ardhi tupu.

Bendera zenyewe zilikuwa kosa jingine. Kwa wakulima wa tambarare, wengi wao watu wa Kirundi, mti wenye kitambaa ukisimikwa ardhini na mtu wa serikali una maana moja tu: ardhi hiyo iko na kesi. Hakuna anayeilima mpaka waamuzi waje, wasikilize, waung'oe mti na kuuondoa. Anayelima kabla ya hapo amejihukumu mwenyewe. Desturi hiyo niliijua kama nilivyojua jina la mama yangu. Ila nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikaamini kwamba jambo nisilolijali mimi limekwisha duniani kote.

Jumamosi ya kwanza wachezaji walifika: administrata, daktari, bwana shamba, na Mgiriki mmoja mwenye duka. Mimi niliwafuata na daftari, kuandika mapigo ya kila mmoja. Kwenye bendera ya kwanza tulikuta watu wamekaa chini wanatungoja, wamevaa nguo za kanisani. Kwenye ya pili vilevile. Kwenye ya tatu walikuwapo ndugu wawili wa baba mmoja, walinzi wa ng'ombe, ambao hawajawahi kugombana. Walikuwa wametafuta tangu asubuhi nani amemshtaki mwenzake.

"Kama hatuna kesi, ule muti ulikuja kufanya nini hapa?" aliuliza mkubwa.

"Labda ni juu ya ile mbuzi," mdogo akasema.

"Mbuzi gani?"

"Ile ya harusi yangu. Uliniambia ilikufa."

"Ilikufa."

"Mbona ngozi yake niliiona kwa shemeji yako?"

Tulipofika bendera ya nne, tuliwasikia nyuma yetu wakigombana kweli.

Mchezo wenyewe ulizidi kuwasadikisha. Wazungu wanne walikuja wakitembea taratibu kutoka mbali, wakanyamaza kabisa mmoja wao alipoinama, wakautoa mti, wakatumbukiza kimpira chao shimoni, wakakitoa, wakabishana kidogo, wakanitajia neno nikaandika. Kisha wakaurudisha mti mahali pake na kwenda zao. Kila aliyeona alielewa: kesi imesikilizwa na kuahirishwa. Jumamosi iliyofuata watu waliongezeka, maana waliokuja mara ya kwanza bila mashahidi sasa walikuja nao. Administrata alifurahi mno. Akaniambia niandike katika barua ya kwenda Bukavu, kwa wakubwa wake, kwamba mchezo unakua haraka kwa wenyeji, na kwamba hajaona watazamaji wenye heshima kama hawa hata kwao. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Shamba la shimo la sita lilikuwa la mjane mmoja. Mume wake ndiye aliyelifyeka lilipokuwa kichaka, na hakumwachia kitu kingine. Kila Jumamosi alikuja na mkeka na wazee wawili, mashahidi wake, na jembe jipya ambalo hakulitumia. Alilileta ili waamuzi waone kwamba yeye ni mlimaji. Siku moja, wazungu walipokwisha kupita, alinishika mkono wa shati.

"Karani, umeandika nini?"

"Hesabu, mama."

"Soma."

Nikasoma. "Daktari tano. Administrata nane."

Akawageukia wazee. "Munasikia? Daktari iko na huruma. Ni huyu munene njo ananichukia."

"Nane ni nyingi," mzee mmoja akasema. "Kuna muntu alimupelekea maneno."

"Na yule wa duka?"

"Kumi na moja," nikasema.

Mama yule akalivuta jembe lake karibu. "Yule sitanunua tena chumvi kwake."

Nilicheka njiani mpaka Kimanga. Kicheko hicho pia nakikumbuka.

Mvua zikaanza. Jirani zake wote walipanda maharage na mahindi hadi mpakani mwa shamba lake, na lake likabaki lilivyo. Ijumaa moja alasiri alinifuata nyumbani kwangu, amebeba kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Siku hiyo hakuniita karani.

"Mwanangu, miye niko na mbegu ndani ya nyumba. Mvua imeanguka mara mbili. Isipopandwa sasa, nitakula nini? Niambie tu, ile kesi iko ao haiko?"

Kujibu ilikuwa rahisi. Ningesema: hakuna kesi, mama, ni mchezo wa wazungu, lima. Lakini angelima, na Jumamosi administrata angekuta matuta mapya shimoni pake, angeuliza, na karatasi yangu ya ardhi tupu ingetoka kabatini. Wiki ile barua ya kunipandisha cheo kuwa karani wa kwanza ilikuwa mezani pake ikingoja sahihi.

"Bado, mama," nikasema. "Ngoja Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Hii ya kesho."

Aliacha kuku. Nilimwambia amrudishe, lakini nilimwambia kwa sauti ya mtu anayetaka kukataliwa. Nilimla Jumapili, na wali.

Jumamosi ile administrata alipiga vibaya, na mpira ukaanguka katikati ya magugu ya shamba lile. Mjane aliufikia kabla yetu. Aliushika ndani ya viganja viwili kama yai, akaja akasimama mbele ya administrata, na wazee wake nyuma.

"Mwambie," akaniambia, "sitaurudisha mpaka aniamulie leo. Mbegu zinaoza."

"Anasema nini?" administrata akauliza kwa Kifaransa.

Nikamjibu: "Anasema ameuokota mpira wako, bwana, akautunza usipotee."

Administrata aliguswa sana. Akavua kofia, akamshika mkono yule mama na kuutikisa mara nyingi, akasema kwamba katika nchi nzima hajapata kuona moyo wa michezo kama huu.

"Amesema nini?" mjane akaniuliza.

Hapo niliogopa pande zote mbili, nikatafuta uongo wa kumsaidia. "Amesema umeshinda. Nenda kalime."

Wazee wakapiga makofi polepole, wakainama. Mama yule akafunga macho. Alipoyafungua, daktari, aliyekuwa mtu wa taratibu, alikuwa ameshauokota mti aliokuwa ameutoa na kuulaza chini. Akaufuta udongo kwa leso na kuusimika tena shimoni, akaukaza kwa kisigino.

"Kama nimeshinda," mama akauliza, "mbona muti umerudi?"

Nikainamia daftari langu. Wale wazee walinitazama, kisha wakautazama mti, kisha wakakunja mkeka.

Hakulima. Watu wa mjini wakisikia hapa husema alikuwa mjinga, lakini yeye ndiye aliyeshika sheria. Mjinga alikuwa mwenye daftari.

Miezi michache baadaye administrata alihamishwa kusini, akaondoka na fimbo zake. Wale watatu walicheza mara moja bila yeye, wakakosana juu ya hesabu, na gofu ya Uvira ikaisha. Cheo changu kilikuwa kimeshatoka. Na kwa kuwa sasa sikuwa na cha kupoteza, dhamiri yangu ikaamka. Asubuhi moja, siku ya kazi, nilipanda baiskeli kwenda kurekebisha mambo. Niling'oa bendera ya sita kwa mikono yangu, nikaivunja juu ya goti, nikarudi ofisini nikijiona mtu mwema.

Sikuangalia kama mwenye shamba yupo. Alikuwa amekwenda Kiringye kwa kaka zake kuomba chakula. Na desturi ile niliyoidharau ina upande wa pili: mti unapong'olewa, anayedai ardhi lazima awe amesimama pale. Asipokuwapo ameshindwa. Wachungaji wa ng'ombe waliniona, wakamwambia kapita, mkuu wa kijiji, na kapita, bila ubaya wowote, akampa shamba mtu mwingine aliyekuwa ameomba siku nyingi. Nilipopata habari, mahindi ya yule mtu yalikuwa yanafika gotini. Nilikwenda kwa kapita nikamweleza yote, gofu, kitabu, mapigo nane ya administrata. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Karani," akasema, "mimi najua weye ni mulevi kama wengine, lakini si saa hizi za asubuhi."

Shamba halikurudi.

Nilikwenda Kiringye. Nilimkuta katika shamba la mke wa kaka yake, anapalilia maharage. Nilisimama mwisho wa tuta na viatu vyangu, nikamwambia hapakuwa na kesi tangu mwanzo. Nilimwambia ulikuwa mchezo, na nani aliyechagua mahali pa ule mti.

Hakuacha kupalilia. "Weye ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama."

"Na siku nilileta kuku?"

"Nilijua."

Alipalilia hadi mwisho wa tuta, akasimama karibu nami, akanyoosha mgongo. Nilingoja matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea vizuri. Alinyoosha kidole tu.

"Jembe lingine liko pale kwa njia. Shika ule mustari."

Nikavua koti nikashika mstari. Sikuwa nimelima tangu utoto, na mtu wa ziwani hata utotoni halimi sana. Nilijitahidi mpaka jua likawa juu, viganja vikachubuka, na nilipogeuka kuona kazi yangu niliona nimeng'oa magugu na maharage pamoja, mstari mzima. Yeye alikuwa nyuma yangu amepiga magoti. Aliyaokota maharage moja moja, akayarudisha ardhini, akashindilia udongo kwa vidole.