Kabati la Siku ya Familia

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Palma, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, siku chache kabla ya Natali, yaani Krismasi. Najua si kawaida ya nyumba ya Waislamu kupakwa chokaa kwa ajili ya Natali, na sentensi hii nimeifuta na kuirudisha mara nyingi nikihofia msomaji ataielewa vibaya. Mimi ndivyo nilivyo; sikusomea uandishi, kwa hiyo kila neno naliogopa. Lakini huku Msumbiji siku ile ina jina jingine. Serikali inaiita Siku ya Familia, na familia kila mtu anayo. Wakristo walikwenda kanisani, sisi tulipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, na mchana tukala sinia moja. Mwaka ule tulikuwa na sababu kubwa zaidi ya kupaka kuta. Baba alikuwa anakuja, na kwa maneno ya Bibi, alikuwa anakuja na kabati.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, na mji wetu ukawa kama nyumba yenye harusi: kila mtu anakimbia, hakuna anayejua sufuria gani iko wapi. Nyumba za wageni ziliota kama uyoga baada ya mvua. Kaka yangu Saidi alijifunza salamu za Kiingereza akawa anawasalimia hata mbuzi. Mimi, mtoto wa darasa la tano, nilidhani gesi ingetoka baharini ikiwa ndani ya mitungi, na nilishindwa kulala kwa furaha nikifikiria nani atakwenda kuibeba. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kidonda chetu kilikuwa kwamba Baba alipata kazi ya upishi kule Afungi, ndani ya uzio, katika jiko la wafanyakazi. Afungi si mbali na Palma, lakini waliokuwa ndani walilala humo humo, na zamu yake, turno kama walivyoiita, iliangukia Idi zote mbili. Tulikula sikukuu na kiti chake kitupu. Sasa mkataba ulikuwa unaisha na mwaka, na mwingine mrefu zaidi ulikuwa unamsubiri. Akirudi kazini baada ya Siku ya Familia alitakiwa kusema anasaini au hasaini. Bibi, aliyemzaa Baba, alitaka asaini. Saidi alitaka asaini zaidi ya Bibi, kwa sababu alikwisha kuchagua rangi ya pikipiki yake. Mama hakusema kitu. Mimi nilitaka vyote viwili, Baba na pesa za gesi, na nilijiona mwenye tamaa.

Habari ya kabati ilikuja kwa simu. Siku hiyo Mama, Saidi na mimi tulikuwa shambani Mute tukipalilia mihogo, na Bibi alibaki nyumbani na simu. Tuliporudi tulimkuta amesimama uani, kanga imemteleza kichwani. "Amepiga! Anakuja Siku ya Familia. Na anakuja na kabati!" Mama alikaa chini papo hapo, na jembe bado mkononi. Lazima nieleze kwa nini. Masika ya mwaka ule ukuta wa nyuma ulilowa ukaanguka juu ya beseni lililokuwa uvunguni mwa kitanda, na ndani ya beseni mlikuwa na sahani za harusi ya Mama, zenye maua ya bluu. Hakulia. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavifukia nyuma ya choo kama mtu anayezika ndege. Tangu hapo, kila alipopita kwa seremala, aligusa makabati yenye vioo, akauliza bei, akaondoka.

Basi tukaanza kazi. Saidi alichemsha chokaa, Mama akapaka, mimi nikashika kibao cha kupimia nafasi ya kabati. Kitanda kikahamishiwa chumba cha Bibi, ukuta mzima ukaachwa wazi. Bibi aliwatangazia majirani, nao wakatangaza mbele, na kabati likazidi kukua kila lilipopita mlango: kwa Bi Fatu wa jirani lilikuwa na milango mitatu, kwa muuza mafuta ya taa lilikuwa na kioo cha kujitazama mwili mzima. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno. Neno letu liliharibika hapo hapo, kati ya sikio la Bibi na uani, na wengi wote tuliokuwepo hatukuliokoa.

Siku yenyewe Baba alishuka kwenye pikipiki ya kukodi akiwa amepakata boksi lenye utepe mwekundu. Alikuwa amenenepa mashavu, na shati lake lilinuka sabuni tusiyoijua. Nilitaka kumkimbilia, lakini Bibi alinitangulia. "Karibu, Juma mwanangu. Na gari liko wapi?"

"Gari gani, mama?"

"La kabati."

Baba alilitazama boksi, akautazama ukuta mweupe kupitia mlangoni, akamtazama Bi Fatu aliyekuja na wanawe wote kushuhudia. "Mama, mimi nilisema kabazi. Kabazi! Kapu la vyakula vya Natali wanalotupa kazini."

"Bibi," Saidi akasema, "yaani tumepaka chokaa kwa ajili ya mchele?"

"Nyamaza wewe! Kireno chenu ndicho kibovu. Mtu anasema kaba, kaba, kwenye simu inayokatika, mimi nitajuaje inaishia wapi?"

"Haya, na lifunguliwe hilo kabati tulione," Bi Fatu akasema, na hapo watu wote wakaanguka kwa kicheko. Likafunguliwa. Mlikuwa na mchele, mafuta, maharage ya kopo na sukari nyingi ajabu. Baba alieleza kwamba divai na soseji za nguruwe amebadilishana na mwenzake Mkristo, yeye akachukua sukari. Tulicheka tena. Mama naye alicheka, kisha akaingia jikoni kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Nyumbani kwetu palikuwa na desturi ya Bibi: chakula kikiwa katikati, kila mtu anasema tamu yake ya mwaka na chungu yake. Bibi alisema tamu yake ni jicho lake lililotibiwa, chungu ni masikio, na tukacheka. Saidi alisema tamu yake ni kufaulu, chungu ni pikipiki ambayo bado haijaja, akamtupia Baba jicho. Mimi nilikuwa nimetunga sentensi nzuri, nikaisahau yote, nikasema tamu yangu ni biskuti. Ikabaki zamu ya Mama.

"Chungu yangu ni hii, Baba Saidi," alisema, bila kuinua macho. "Nilipoambiwa kabati linakuja, nilifurahi kuliko nilipoambiwa unakuja wewe. Siku zote hizi nikipaka chokaa nimejichunguza, na ndivyo ilivyo. Nimekuzoea kutokuwepo."

Bibi alisema astaghfirullah. Baba alirudisha tonge kwenye sinia.

"Na tamu yako?" Baba aliuliza.

"Tamu yangu ni kwamba imeniuma."

Baba aliuonja mchuzi. Kisha akasema, "Mchuzi umezidi chumvi."

"Kaupike wewe, si ndiyo kazi yako?"

Akainuka kweli, akabeba bakuli, akaenda jikoni, na Mama akamfuata. Tuliwasikia wakinong'ona, kisha wakicheka, na Bibi akatukataza kusogea. Mkataba ulipoisha Baba alirudi na begi lake, hakusaini. Akajenga tanuri uani, akawa anawauzia mkate abiria wa chapa, daladala za huku, zinazokwenda kusini. Saidi alinuna hadi masika.

Sasa naandika nikiwa Nampula. Vita vilipofika Palma tulitawanyika; wazazi wangu wako Mtwara kwa ndugu, Saidi yuko Pemba, na Bibi alitangulia mbele ya haki. Tamu na chungu tunaambiana kwa simu. Sitaki kuipamba hadithi hii: kulikuwa na siku mkate haukuuzika, tukalala na chai kavu, na siku hizo nilitazama nyumba za matofali za waliosaini nikamlaumu Mama kimoyomoyo. Mpaka leo nikipiga hesabu haikai sawa, na mimi napenda hesabu ikae sawa. Ila namjua baba yangu. Najua anavyokohoa kabla ya kutania, na anavyodanganya kwamba ameshiba ili sahani ifike kwetu. Rafiki yangu wa mtaa ule, ambaye baba yake alisaini na kusaini tena, nilikutana naye mwaka huu hapa sokoni. Nilimuuliza anamkumbuka vipi baba yake wa miaka ile. Akaniambia anakumbuka begi mlangoni.