Mfereji wa Ng'ambo ya Bonde

Baba yangu alikuwa fundi bati pale Bulyaga. Akikuwekea mfereji wa mvua, alikuapia kwamba utazeeka nao. Kwa hiyo siku mzee mmoja mkulima alipouleta mfereji wake wa miaka miwili umetoboka kama chekeche, akausimamisha mlangoni petu watu wakitoka swala ya Ijumaa, nilitamani ardhi inimeze.

"Fundi, na wewe umeingia kwenye ruksa? Umeniuzia bati la karatasi!"

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliingia nchini, kizuri na kibovu, na bati jembamba lilijaa madukani. Jina la baba lilikuwa linamwagika barabarani naye ameshika nyundo tu.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, mdomo umejaa kemia, na kunyamaza sijawahi kuweza. Nikasema mkosaji ni ile karakana mpya ya sufuria nyuma ya mtaa wetu, iliyoyeyusha vyuma kwa kuchoma oili chafu na matairi. Moshi ule una salfa, nayo inakula bati.

Mzee akacheka. "Moshi uko kwenu, bati linaoza kwangu ng'ambo ya bonde? Mbona la jirani wa karakana ni zima?"

Swali zuri, na jibu lake najivunia hadi leo. Moshi ukitoka ni wa moto na mkavu, hupaa ukampita jirani. Upepo huusukuma hadi bondeni, ambako ukungu wetu hulala mpaka saa nne asubuhi. Salfa huingia ndani ya vitone vya ukungu, na humo hugeuka kuwa tindikali. Kinachofika ng'ambo si kile kilichotoka mjini.

Nikaomba shuleni karatasi za litmasi, zile za buluu zinazogeuka nyekundu zikikuta tindikali. Kesho yake asubuhi tukaenda watatu, mimi, mzee, na baba na nyundo yake mkononi. Umande wa paa la jirani wa karakana uliiacha karatasi na buluu yake. Tukavuka bonde. Matone ya ukungu kwenye paa la mzee yakaifanya nyekundu. Nilirudia mara tatu, kwa maringo tu.

"Ndaga, mwanangu," mzee akanishukuru, kisha akamgeukia baba. "Fundi, nisamehe. Bati lako halina kosa."

Baba akashusha pumzi. Nilifurahi nusura niruke.

Lakini mzee alikuwa anatazama pipa la kukingia maji ya paa, limejaa, kikombe kikiwa juu ya kifuniko.

"Sasa mwanangu, maji haya ndiyo tunayokunywa. Kama yanakula bati, wajukuu wangu je?"

Nikasema sijui. Baba, aliyekuja kusafisha jina lake, akaweka nyundo chini, akalikumbatia lile pipa na kulilaza mpaka likamwagika lote.