Mkono Wangu Ulibaki Beni

Naomba mfiche jina langu, na duka lenyewe msiulize ni lipi. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu na diploma nimeipata. Nilizaliwa Beni, huku Kongo, sasa nakaa Butembo kwa mama mdogo. Ni mtu wa aibu tangu utoto. Haya ninayoandika nisingeweza kuyasema mbele ya mtu mmoja. Nyinyi ni wengi na siwaoni, ndiyo maana naweza.

Nimepata kazi kwenye duka la vitenge. Mwenye duka ni mama Muislamu, tunamwita Mama Hadja, na wauzaji wote ni wanawake. Alinichukua kwa majaribio. Kazi yenyewe hainishindi: kukunjua kitenge mbele ya mteja, kukikunja tena kikae kama hakijaguswa, kutofautisha kitenge cha wax cha kweli na cha kuiga. Ya Katungu, yaani dada Katungu, muuzaji wetu mkubwa, ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa moyo wote. Kinachonishinda ni asubuhi.

Pale kwetu, kabla ya duka kufunguliwa, kila anayefika anawapitia wenzake wote, mmoja mmoja, anampa kila mtu mkono na kumuuliza habari za nyumbani. Ukimruka mmoja, umemtukana. Mimi siku ya kwanza nilisimama mlangoni, mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya prefe, mkuu wa shule, nikasema "Jambo yenu" kwa wote pamoja. Walicheka. Nilipoendelea hivyo, kicheko kikaanza kuchacha. Wakanipa jina la Masera, kama mtawa. Nikiingia, mmoja anasema Masera amefika, mujifiche na zambi zenu. Wakikaa kula fufu kwenye sahani moja, mimi nasema nimeshiba.

Asubuhi moja Ya Katungu aliuacha mkono wake hewani mbele yangu, akausubirisha, kisha akauliza, "Masera, ule mukono yako uliachaka Beni?"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya mizigo ya vitenge.

Ndugu zangu, hakujua alichosema. Nilipokuwa mtoto, Ebola iliingia nyumbani kwetu. Mama alipelekwa kwenye kituo cha matibabu, nami nikamfuata. Mimi nilirudi, yeye hakurudi. Waganga wa kituo walisema nimepona kabisa, na kwamba mkono wangu hauwezi kumdhuru mtu. Wakati ule Beni nzima watu walikuwa hawapeani mikono, kwa hiyo sikuona tofauti. Ugonjwa ulipoisha, mikono ya watu ikarudi. Wangu tu ndio uliokosa wa kuupokea. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mama mmoja aliyeniogesha nikiwa mtoto mchanga aliingiza mikono yake chini ya kitenge, akanitikisia kichwa. Tangu hapo niliacha kuutoa. Hakuna aliyenikataza. Niliacha tu.

Mtasema: hapo Butembo hawakujui, toa mkono, nyamaza. Mama mdogo pia anasema hivyo. "Kula mukate yako, ya Beni ibakie Beni." Nilikuwa nimeanza kumsikiliza. Ndipo akaingia dukani mteja mmoja, mama mpole, akachagua kitenge, akacheka na Ya Katungu, wakaagana kwa mkono. Alipotoka, mwenzetu mmoja akasema anamfahamu, yule alitoka kwenye Ebola. Ya Katungu alikimbilia sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akaipangusa meza mara mbili. "Banasema bale batu banapona," akasema. "Mimi hapana amini."

Aliyekuwa anammiminia maji ni mimi.

Basi nikimpa Ya Katungu mkono leo, na siku moja akaja kujua, hatasema nilikuwa na aibu. Atasema nilimgusa kwa makusudi, huku najua. Heri anione na kiburi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, mpaka baba yake alipofariki.

Tulikwenda kwenye kilio, duka zima. Ya Katungu alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Wenzangu walimkumbatia mmoja baada ya mwingine. Nilipofika mimi, alinifungulia mikono yote miwili, machozi yakimtoka, amesahau mizaha yote. Nilipiga magoti, nikasema pole, Ya Katungu, na mikono yangu nikaifunga ndani ya kitenge changu. Mikono yake ilibaki wazi, kisha ikashuka taratibu. Nilipoinuka ndipo nilipoona kwamba nimemfanyia kile kile alichonifanyia yule mama wa kanisani, tena akiwa kwenye msiba.

Sasa hakuna anayenitania. Hakuna anayeniita Masera wala kwa jina langu. Wananielekeza kwa kidevu. Wakinisema, hawashushi sauti: huyu anatuona bachafu, amesoma kidogo tu tayari si wa kusalimia watu. Mama Hadja aliniita pembeni. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwanangu, kazi unaijua," alisema. "Lakini Katungu alikulilia, weye ukamufungia mikono. Mutu mwenye hapana toa mukono, anaficha nini?"

Akasema nikapumzike hadi Jumatatu, nikirudi nimpe jibu mbele ya wenzangu wote, la sivyo nisirudi.

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Walionikimbia wanaitwa watu wa heshima, na mimi niliyekimbiwa ndiye mwenye kiburi. Na bado naitaka kazi hii. Nataka mtu aniulize habari za nyumbani.

Ninyi mnaosoma, mliopona kama mimi, na hata ninyi mliokimbilia sabuni, nisaidieni kufikiri. Jumatatu nikifika pale mlangoni na Ya Katungu yuko mbele yangu, nianze na mkono au nianze na mdomo?