Kamba ya Katani Mkononi mwa Mume Wangu

Buibui aliyemuuma mume wangu alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo, mwenye manyoya hadi miguuni. Alijificha kwenye kuni tulizozipanga nyuma ya nyumba, na mume wangu akatia mkono bila kutazama. Alipiga ukelele, akakung'uta mkono, buibui akaanguka, naye akamponda kwa kisigino. Nilikuwa na miezi saba tu tangu niolewe huko juu, Upare wa Kusini.

Mkono ulivimba kidogo karibu na kidole gumba. Maumivu yalikuwa makali, lakini mume wangu alikuwa akiongea, akitukana, akaomba maji ya kunywa. Mama mkwe alisema tuoshe jeraha kwa sabuni. Nilikuwa nimeshachota maji kaka wa mume wangu alipofika.

Huyu shemeji alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza, akarudi na koti la kijeshi na mazoea ya kuamrisha watu. Alimtazama yule buibui aliyepondwa, uso ukambadilika.

"Huyu anaua," alisema. "Sumu ikifika moyoni, basi tena."

"Lakini shemeji, mbona anaongea vizuri?"

"Wewe umekuja juzi. Nyamaza."

Alifunga kamba ya katani juu ya kiwiko cha mkono ule, akaikaza kwa kijiti mpaka ikazama kwenye nyama. Kisha akachukua kisu changu cha kumenyea ndizi, akakitia motoni. Akaniamuru nimkalie mume wangu kifuani. Nilimkalia. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu kwamba nilimkalia kwa uzito wangu wote, kwa sababu niliogopa kuwa mjane. Shemeji akapasua pale palipoumwa mara tatu, ndani kabisa, kisha akabandika kisu kikiwa chekundu. Harufu ya nyama ikajaa uani. Mume wangu aliniuma paja huku akinguruma. Mama mkwe alikimbilia migombani, tukamsikia akitapika.

Kesho yake asubuhi vidole vilikuwa vimekuwa vya bluu, baridi kama vya maiti. Nilishika kamba ili niilegeze. Shemeji alinipiga kofi, nikaanguka juu ya mafiga.

"Unataka kumuua?"

Tukambeba kwa machela kushuka Same, shemeji mbele na majirani nyuma, mimi nikitembea kando na kumfuta jasho. Njiani mume wangu aliacha kulia, akasema hausikii mkono tena. Shemeji alifurahi. Alisema sumu imeshindwa.

Dresa, mtibu vidonda wa zahanati, alikuwa Mpare kama sisi, mtu mzima mwenye miwani. Tulimwamkia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kamba. Aliikata kwa mkasi, akanusa mkono, akabonyeza kidole kimoja baada ya kingine.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi," alisema shemeji. "Aliumwa na buibui."

"Buibui gani?"

Shemeji akamweleza. Dresa akavua miwani.

"Yule anauma vibaya, lakini haui. Mngeosha kwa sabuni, mkaweka kitambaa cha maji baridi, mkamwacha apumzike. Kama angeshindwa kupumua, au kidonda kingeanza kupanuka, hapo mngemleta. Vidole hivi vimeuawa na kamba."

Sikumbuki nilivyotoka nje. Nakumbuka mti wa machela mikononi mwangu, na mgongo wa shemeji aliyekuwa ameinama kunywa maji kwenye ndoo. Nilimpiga begani kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulivunjika; niliusikia. Nikampiga tena mbavuni, na tena, mpaka majirani waliponishika. Hakuinua hata mkono kujikinga. Alikaa chini kwenye vumbi na koti lake, akasema, "Nilimpenda. Jamani, ni mdogo wangu."

Vidole vitatu vilikatwa. Dresa akamfunga shemeji bega kwa kitambaa, kwenye benchi lilelile alilokalia mume wangu, na ndugu hao wawili hawakutazamana.

Msimu wa kulima ulipofika, shemeji alikuja shambani kwetu na jembe, bega likiwa limepona kombo. Mume wangu alimwonyesha pa kuanzia. Mimi sikumwamkia. Miaka miwili alilima maharage yetu na sikumpa hata maji. Mwaka wa tatu nilimpelekea kibuyu, nikakiweka chini mbali naye, nikaondoka.

Buibui sikuacha kuwaona. Nilijifunza kugonga kuni kwa fimbo kabla ya kuzishika, na kukung'uta nguo na blanketi. Binti yangu wa kwanza alipoumwa shingoni, mama mkwe alinikuta nikiosha kwa sabuni. Kisu kilikuwa karibu. Nilikitupa nje kwa dirisha, nikaendelea kuosha.